Maswali yenu kwa Mzee Nanga: Maharamia wa baharini, nani anawazuia na kwa vipi?

Toleo lililopita niligusia kidogo ile meli ya mafuta Hellas Aphrodite iliyovamiwa Novemba 2025 mbali nje ya pwani ya Somalia, jamaa wakaja na bunduki na roketi za begani wakapanda mpaka juu, na mabaharia wote 24 wakajifungia chumbani mpaka manowari ya Wahispania ikafika na kuwakuta wazima. Niliandika aya mbili tu nikaendelea na mambo mengine, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimemiminika kutoka Likoni mpaka Muscat, kwa hiyo mwezi huu safu yote ni ya maharamia. Yale yanayofanana nimeyaunganisha, na yale ya matusi nimeyaacha huko huko.

Shikamoo Mzee Nanga. Mume wangu ni oila kwenye meli ya shehena ya kichele (mzigo unaomwagwa bila kufungashwa), wanapita Ghuba ya Aden kwenda Suez. Kila nikimuuliza ananiambia usijali, meli imezungushiwa seng'enge. Mimi seng'enge naijua, shambani kwetu mbuzi wanapita nayo kila siku. Nisijali kweli? Na Mungu apishe mbali, akitekwa mshahara unaendelea au ndo basi tena? (Mke wa baharia, Likoni)

Marahaba mama. Kwanza hiyo seng'enge sio ya mbuzi, hii imekunjwa mviringo mviringo na ina makali kama viwembe, inafungwa kuzunguka meli nzima pembeni ili mtu akitupa ngazi yake ya ndoano asipate pa kushika. Inasaidia kweli ila yenyewe haimzuii mtu, inamchelewesha tu, na kwenye mambo haya dakika ndo kila kitu.

Angalia wanavyofanya kazi. Wanakuja na boti ndogo za faiba zenye mashine ya nje, boti inakimbia noti 25 hivi (maili 25 za baharini kwa saa), wanajibanza upande wa nyuma wa meli pale ambapo darubini haioni vizuri, wanatupa ngazi nyepesi wanapanda. Sasa meli ya makontena inayokwenda noti 20 na ukuta wake mrefu kama ghorofa hawaisumbui sana, miongozo ya mabaharia yenyewe inasema meli ikishapita noti 18 kuipanda ni kazi ngumu mno. Tatizo ni meli za kichele na za mafuta, manake zikishajaa mzigo zinakwenda noti 12, 13, na sitaha yake inakuwa chini karibu na maji. Na ya mume wako ndo hiyo hiyo, sitaki nikudanganye.

Kwa hiyo wenye meli wana kile kitabu cha miongozo wanachokiita BMP, kinaeleza mambo mengi, watu wa zamu waongezwe hasa wa kuangalia nyuma, mipira ya maji ya zimamoto ielekezwe nje ikiwa inafoka muda wote, milango ya chini ifungwe kwa ndani, na nahodha akiona boti zinakuja azungushe usukani kushoto kulia ili mawimbi yapige ubavuni zile boti zishindwe kusogea. Na kabla hawajaingia eneo la hatari wanatakiwa wajiandikishe kwa ofisi ya Waingereza inaitwa UKMTO na ile ya Ulaya iliyokuwa inaitwa MSCHOA, siku hizi MSCIO, wawe wanatoa taarifa wako wapi kila wakati. Kwenye Ghuba ya Aden kuna mpaka njia maalumu imechorwa kwenye ramani ambapo manowari zinapiga doria, meli zinapita humo kama magari kwenye barabara ya lami.

Lakini mama kama utamuuliza kitu kimoja tu muulize hiki: chumba cha kujifungia, wenyewe wanakiita sitadeli, kikoje? Mara nyingi kinakuwa huko huko chini karibu na injini ambako mumeo anafanyia kazi. Kinatakiwa kiwe na chakula, maji, choo, na mawasiliano ya setilaiti yenye antena yake yenyewe isiyotegemea ile ya juu, manake maharamia wakifika darajani kwa nahodha wanaanza kukata nyaya. Na sharti kubwa ni kwamba waingie WOTE. Akibaki mmoja nje akashikwa, basi wale makomando hawawezi kupanda kwa nguvu, watamuua yule mtu, chumba chote kinakuwa hakina maana. Hellas Aphrodite walipona kwa sababu wote 24 walikuwa ndani.

Kuhusu mshahara, hapa nina habari njema. Ule mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia, MLC, ulirekebishwa 2018 na marekebisho yakaanza kutumika Desemba 2020, yanasema baharia akitekwa na maharamia mkataba wake wa ajira unaendelea hata kama tarehe yake imeisha akiwa mikononi mwao, na mshahara unatakiwa uendelee kulipwa, pamoja na ile sehemu aliyoandika itumwe nyumbani. Kenya na Tanzania zote zimeuridhia huo mkataba. Ila kinachoangaliwa ni bendera ya meli kwa hiyo jua meli yake ina bendera ya wapi. Kuna pia meli zenye makubaliano na vyama vya mabaharia, humo baharia ana haki ya kukataa kuingia maeneo yaliyotajwa kuwa ni ya hatari ya kivita na akarudishwa nyumbani kwa gharama za kampuni, na akikubali kupita anaongezwa posho. Sasa wangapi kati ya vijana wetu wako kwenye meli zenye makubaliano hayo, hilo ndo linaniuma, manake wengi wanaondoka na karatasi moja kutoka kwa wakala hata jina la meli halipo.

Kwa hiyo wewe nyumbani weka kopi ya mkataba wake, jina la meli, ile namba ya IMO yenye tarakimu saba (hiyo haibadiliki hata meli ikibadilishwa jina na rangi), na simu ya kampuni yenyewe, sio ya wakala tu. Na kingine mama, maharamia wana tabia ya kuwapa mateka simu wapige nyumbani wakilia ili familia ipige kelele kampuni ilipe haraka. Ikitokea, mpe mwenzio moyo lakini usiahidi hela na usiongee na waandishi kabla hujaongea na kampuni, kila ukipiga kelele redioni bei inapanda.

Mzee Nanga mambo vipi. Mimi sielewi kitu kimoja, Marekani, China, India, Ulaya, wote wana manowari huko, na hawa jamaa wana boti za faiba tu. Kwanini wasiwalipue tu mambo yaishe? (Kijana wa Tanga)

Poa kijana wangu, ila shikamoo ingefaa zaidi.

Swali lako limeulizwa na wengi, wengine kwa hasira kuliko wewe. Walishajaribu. Novemba 2008 manowari ya India, INS Tabar, ilikutana na meli usiku kwenye Ghuba ya Aden wakaona watu wana silaha juu yake, wakapiga, ikawaka ikazama, dunia ikashangilia kwamba meli mama ya maharamia, ile inayobeba boti zao ndogo mpaka mbali baharini, imezamishwa. Baada ya siku kadhaa ikajulikana ilikuwa meli ya uvuvi ya Thailand inaitwa Ekawat Nava 5, imetekwa saa chache kabla, na wavuvi wenyewe walikuwa humo humo ndani mateka. Aliyeokotwa hai baharini alikuwa mmoja. Ndo ujue meli mama ikoje, karibu kila mara ni jahazi au meli ya uvuvi ya maskini mwingine aliyetekwa wiki iliyopita. Vega 5 ya Msumbiji ilitekwa Desemba 2010 ikatumika hivyo hivyo mpaka Machi 2011 wanamaji wa India walipoikamata na maharamia 61 ndani yake. Ungelipua ungewaua na Wamsumbiji.

Kingine ni sheria. Kwa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa sheria ya bahari wa 1982, haramia akiwa bahari kuu nchi yoyote inaweza kumkamata na kumshitaki, hata kama hajagusa raia wake. Nchi yoyote! Inaonekana rahisi eeh? Sasa neno ni "inaweza", sio "lazima". Miaka ile ya 2008 mpaka 2011 manowari zilikuwa zinawakamata, zinatupa bunduki na ngazi zao baharini, zinawapa maji na mafuta kidogo, zinawaachia warudi kwao. Ndiyo, zinawaachia! Manake hakuna serikali iliyotaka kuwapeleka mahakamani kwake, wakalie kesi ya miaka, waombe hifadhi, mkalimani wa Kisomali atafutwe. Warusi Mei 2010 baada ya kuikomboa meli yao ya mafuta Moscow University waliwaachia maharamia kwenye kiboti katikati ya bahari, wakasema wenyewe kwamba huenda wamekufa wote. Hiyo nayo sio sheria, tuite jina lake.

Waliobeba mzigo wa kesi ni sisi huku. Mahakama ya Mombasa iliwahukumu Wasomali kumi mwaka 2006, miaka saba saba, walikamatwa na Wamarekani kwenye jahazi la Kihindi. Kisha mwisho wa 2008 na 2009 Kenya ikakubaliana na Uingereza, Marekani na Ulaya wawalete washukiwa, na Juni 2010 pakafunguliwa ukumbi wa mahakama wenye ulinzi mkali pale Shimo la Tewa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Kumbe mapema mwaka huo Kenya ilishachoka, ikasema kwanini mzigo wote uwe wetu, ikatoa notisi ya kuvunja makubaliano, na Novemba mwaka huo huo Mahakama Kuu ikasema haina mamlaka ya kusikiliza mambo yaliyotokea nje ya maji ya Kenya. Mpaka Oktoba 2012 Mahakama ya Rufani ilipolipindua hilo. Shelisheli nao wakabeba kesi nyingi mno kwa kanchi kadogo kama kale, na waliohukumiwa wakaanza kurudishwa kutumikia vifungo kwao Somalia, Puntland na Somaliland, kwenye magereza yaliyojengwa kwa ajili hiyo.

Mimi naona hapo ndipo maharamia walipoanza kushindwa. Mtu aliyekuwa anajua akikamatwa anapewa biskuti anarudi nyumbani, ghafla akaanza kusikia jirani yake kapotea miaka ishirini. Ukichanganya na walinzi wenye bunduki juu ya meli, biashara ikawa haina faida. Mwaka 2011 mashambulizi ya Wasomali yaliyoripotiwa yalikuwa 237, miaka michache baadae yakawa ya kuhesabu kwa vidole.

Assalaam aleikum. Nyinyi wa magazeti mnaandika maharamia maharamia, sisi wavuvi huku mpakani tunajua ilianza kwa samaki. Meli za kigeni zilikomba bahari ya Wasomali hakuna aliyesema kitu. Mbona hamuandiki hilo? (Mvuvi, Kiunga)

Waaleikum salaam ndugu yangu. Nakubaliana na wewe nusu, nusu nyingine nitakukatalia kwa heshima.

Ni kweli serikali ya Somalia ilipoanguka 1991 hakukuwa na mlinzi wa bahari, meli za uvuvi za kigeni zikaingia zikavua bila leseni, zikakata nyavu za wavuvi wadogo, na malalamiko ya taka za sumu kumwagwa huko yalikuwepo pia. Wavuvi wakaanza kukamata meli na kudai "faini". Vikundi vya mwanzo vikajiita walinzi wa pwani, na watu wa vijijini waliwaunga mkono kwa sababu walikuwa wameona kwa macho yao.

Lakini nieleze hili. Juni 2005 walikamata meli inaitwa MV Semlow, imetoka Mombasa, imebeba mchele tani 850 wa Shirika la Chakula Duniani, unapelekwa kwa Wasomali wenyewe waliopigwa na tsunami. Mabaharia kumi, nane ni Wakenya, fundi wa injini Mtanzania, nahodha wa Sri Lanka. Wakakaa nao zaidi ya miezi mitatu. Huo mchele ulivua samaki gani? Na Oktoba 2010 wakachukua meli ya uvuvi ya Golden Wave karibu na Lamu, kwenu huko, watu 43 na 39 kati yao Wakenya, vijana wa kazi za vibarua wasio na hisa hata ya senti, wakarudi Februari 2011. Kufikia hapo samaki ni hadithi ya kuombea huruma tu. Matajiri wa nchi kavu walikuwa wameshaingia, wanakopesha mafuta, bunduki, chakula, miraa, kila kitu kinaandikwa kwenye daftari. Kijana anayepanda meli wa kwanza anapewa bonasi, anayeleta bunduki yake au ngazi yake bonasi, na wakati huo huo anakatwa miraa aliyokula kwa bei ya juu. Benki ya Dunia ilikadiria anayepanda meli alikuwa anapata kati ya dola 30,000 na 75,000 kwa meli moja. Hela nyingi kwa kijana, ila ndogo sana ukilinganisha na ya tajiri wake ambaye hajawahi kulowa maji.

Nisichokukatalia ni kwamba uvuvi haramu haujaisha, na hao wageni manowari haziwafuati kwa nguvu ile ile. Na nyinyi wavuvi mnaumia pande zote, haramia anawateka awafanye meli mama, na mlinzi wa meli kubwa akiona mtumbwi unakuja anafikiri ni haramia. Februari 2012 wanajeshi wa Italia waliokuwa wanalinda meli ya mafuta Enrica Lexie walipiga risasi wakaua wavuvi wawili wa Kihindi nje ya Kerala, watu wanarudi na samaki wao. Kesi ilizunguka miaka mingi. Kwa hiyo ndugu yangu ukiona meli kubwa usiisogelee kutafuta kivuli wala kuomba maji, hata kama nyavu zako ziko mbele yake. Punga kitu, onyesha samaki, kaa mbali.

Mzee, mimi nauza spea Kariakoo, mzigo wangu wa Uturuki na Ulaya siku hizi unachelewa na bei ya kontena imepaa. Wakala wangu anasema ni maharamia. Kweli? (Muuza spea)

Wakala wako anakupa nusu ya habari. Kilichovuruga zaidi ni Wahouthi wa Yemen, hao tangu Novemba 2023 walipoiteka Galaxy Leader kwa helikopta wakaanza kurusha makombora na droni kwa meli za Bahari ya Shamu, wakisema ni kwa ajili ya Gaza. Meli nyingi zikaacha Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini, hizo ni siku kumi na zaidi za mafuta na mishahara, na bima ya vita ikapanda juu. Kisheria wengi hawawaiti maharamia manake sheria inasema uharamia ni kwa manufaa binafsi, mtu anatafuta hela, na hawa wana siasa zao. Kwenye mfuko wako haibadilishi kitu najua. Ila kuna uhusiano: manowari zilipokwenda kukabiliana na makombora huko kaskazini, Wasomali wakaona duka limeachwa wazi. Wakala wako hilo ndo alitakiwa akuambie, na pia mwambie akuonyeshe mchanganuo wa hiyo nyongeza, manake wengine wanatumia jina la haramia kujazia chao.

Hivi hela za kuwakomboa zinafikaje? M-Pesa haiwezi kuwa! (Mdaku, Ilala)

Hahaa. Zinadondoshwa na ndege. Kweli kabisa, ndege ndogo inapita juu ya meli, mabaharia wanapangwa mstari kwenye sitaha wahesabiwe kwamba wako hai, alafu kifurushi kinashushwa kwa parachuti kinaangukia majini, boti inakwenda kukiokota. Jeshi la majini la Marekani lilipiga picha Januari 2009 wakati wa Sirius Star, ile meli kubwa mno ya mafuta ya Wasaudi iliyotekwa Novemba 2008 kusini mashariki mwa Mombasa ikiwa na mapipa milioni mbili. Dola milioni 3 zilitajwa. Na baadhi ya waliogawana, boti yao ikapinduka wakirudi nchi kavu wakazama na mgao wao.

Makadirio ya Benki ya Dunia na Umoja wa Mataifa ni kwamba kati ya 2005 na 2012 zililipwa dola kati ya milioni 339 na milioni 413. Wanaofuatilia hizo hela wanapata tabu sana, manake zinaingia kwenye miraa, malori, majumba, biashara halali kabisa.

Ila kuna mmoja walimpata vizuri mpaka nacheka. Mohamed Abdi Hassan, wanamuita Afweyne, huyu ndo alitajwa kama tajiri mkubwa wa maharamia, wa Harardhere. Wabelgiji walikuwa wanamtaka kwa ajili ya meli yao Pompei iliyotekwa 2009. Kumfuata Somalia haiwezekani. Basi polisi wakajifanya watu wa sinema, wakamwambia tunataka kutengeneza filamu ya maisha yako uwe mshauri wetu, wakambembeleza miezi na miezi. Oktoba 2013 jamaa akapanda ndege mpaka Brussels kwa miguu yake mwenyewe, akakamatwa palepale uwanjani. Mwaka 2016 akapigwa miaka 20. Manowari zote zile, na aliyemkamata mkubwa ni askari aliyejua kusifia.

Shikamoo. Kwani uharamia ni Somalia tu? Nina asaimenti. (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba, asaimenti ufanye mwenyewe, mimi nakupa pa kuanzia. Ghuba ya Guinea huko Afrika Magharibi mtindo ni tofauti, wanaacha meli wanachukua watu wanawaficha kwenye vijito vya Niger Delta. Mwaka 2020 mabaharia 135 walitekwa nyara duniani kote na 130 kati yao ni huko. Nigeria ikawa imetunga sheria maalumu ya uharamia 2019, nchi nyingi za Afrika zilikuwa hazina, na ikaanza kufunga watu, na 2021 ikazindua mradi wa Deep Blue wa ndege na boti za doria, idadi ikashuka sana. Huko Singapore na Malacca wengi ni wezi wa usiku tu, wanapanda na mapanga wanaiba spea za injini wanashuka. Nchi za Asia zina kituo chao cha kupeana taarifa Singapore kinaitwa ReCAAP tangu 2006. Na zingatia, tukio likitokea ndani ya maili 12 za pwani kisheria sio uharamia, ni ujambazi wa kutumia silaha, polisi wa nchi husika ndo wenye kazi. Maprofesa wanapenda kuuliza hapo.

Salaam kutoka Muscat. Mimi nipo kwenye biashara ya majahazi na watu wa Sur, tunasikia wamerudi tena. Wamerudi kweli au ni kelele? (Mfanyabiashara, Oman)

Wamerudi, ingawa sio kwa nguvu ya 2011. Wenye meli walishaona mambo yametulia, na Januari mosi 2023 wakaondoa rasmi lile eneo walilokuwa wanaliita la hatari kubwa katika Bahari ya Hindi. Ruhusa ya Umoja wa Mataifa ya manowari kuingia maji ya Somalia ilikuwa imeisha Machi 2022. NATO ilishaondoka tangu 2016. Alafu Desemba 2023 wakateka meli ya mizigo MV Ruen, wakakaa nayo miezi mitatu, wakatoka nayo baharini kutafuta nyingine. Hao ndo ambao Wahindi waliwadhibiti Machi 2024, manowari INS Kolkata ikaifuata, makomando wakashushwa kwa parachuti kutoka kwenye ndege, saa arobaini hivi za kuvutana, maharamia 35 wakasalimu amri na mabaharia 17 wakatoka salama. Na safari hii hakuna aliyepewa biskuti, wote 35 walipelekwa Mumbai, manake India ilishatunga sheria yake ya uharamia 2022. Siku chache kabla ya hapo MV Abdullah ya Bangladesh ikatekwa ikitoka Maputo na makaa ya mawe, mabaharia 23, wakaachiwa baada ya mwezi mmoja na hela zilitoka. Kwa hiyo unaona, meli mbili, mwezi mmoja, njia mbili. Ile ya pili ndo iliyowapa matajiri wa huko hamu tena.

Kwa majahazi yenu sikupi maneno matamu, nyinyi ndo mnatafutwa kwanza, si kwa ajili ya kikomboleo, kwa ajili ya chombo. Jahazi likichukuliwa leo ndo meli mama ya kesho, na halina seng'enge wala sitadeli wala bunduki. Mnachoweza ni kalenda. Watu wa Sur hili mnalijua kuliko mimi, kusi likishika kuanzia Juni mpaka Agosti zile boti za faiba hazitoki, bahari inawakataa. Kazi yao ni kusi likishakatika, mpaka kaskazi likilegea, na kwenye maleleji, pale pepo zinapobadilika. Pitia mwenyewe tarehe, meli ya Faina na vifaru vyake 33 Septemba, Sirius Star Novemba, Ruen Desemba, Abdullah Machi, Maersk Alabama Aprili, Hellas Aphrodite Novemba. Kama mzigo unaweza kusubiri, panga safari ukiikwepa hiyo miezi, pita mbali na pwani ya Puntland hata kama ni mafuta zaidi, na nahodha awe na simu ya setilaiti na namba ya UKMTO imeandikwa ukutani, sio kwenye simu ya mtu mmoja. Wanapokea hata taarifa za majahazi, ila majahazi mengi hayapigi.